Gari ya Mulango Mumoja

Maneno ya ile gari musimuulize mume wangu. Iliasi akianza kuieleza anaanza na moteri, anamaliza na moteri, na katikati anaweka moteri tena. Niulizeni mimi, Rachida, muuza muchele wa soko ya Kasongo, juu ya kuwa ni mimi niliyeipanda na tumbo langu, na ni mimi niliyekuwa ninataka kitu kimoja tu: siku ya kuzaa, mama yangu awe pembeni yangu.

Mimba ilikuwa ya kwanza na niliogopa. Watu wa soko wananijua kwa mudomo, wanajua ukinichezea kipimo cha muchele mutaa muzima utasikia jina la babu yako. Lakini nikibaki peke yangu na lile tumbo, mudomo wote ulikwisha. Dada yangu Soraya alikufa na uchungu wa kuzaa kwetu Wamaza, akipelekwa materinite, kwenye nyumba ya kuzalia. Moto, ile pikipiki waliyoita, ilikwama kwenye matope, wakamubeba kwa machela mabegani, mama akitembea pembeni amemushika mukono. Hawakufika. Mimi nikajisemea: nitazaa Kasongo, karibu na hospitali, na mama yangu atakaa pale nimuone.

Shida ni kwamba mama yangu, Mama Waridi, hapandi moto. Aliwahi kuanguka nayo kwenye daraja ya miti, nyonga ikaharibika, akaapa kwa Mungu na kwa wazazi wake wote kwamba matako yake hayatagusa tena kiti cha moto. Na njia ya kutoka Wamaza mpaka kwetu ni moto ao miguu. Miguu na ile nyonga, musahau. Nilipomutumia salamu aje, alinijibu kwa simu ya jirani: "Muniletee kitu chenye kiti na pa kuegemea mugongo. Nitakuja ata leo."

Nilikuwa ninahangaika na hilo neno wakati gari ilipoingia muji.

Ilikuwa gari ya mbio ya Wamarekani, pua ndefu, milango miwili tu, moteri yenye nguvu ya kuvuta nyumba. Mununuzi mumoja wa dhahabu aliileta kutoka upande wa Kalemie ili watu wamuone. Barabara ikamuona yeye kwanza. Alimuachia Fabrice, mwenye duka ya vipuri karibu na soko, kwa bei ya hasira, akarudi kwao nyuma ya moto ya mutu. Na Fabrice sasa njo mwenye fitina yote. Aliinyanyua ile gari juu ya springi za kamio, zile za lori. Akaivalisha matairi ya jipi. Akatoboa kapo, kile kifuniko cha mbele, ili moteri itoe kichwa nje ipate hewa. Bomba la moshi akalipandisha mpaka juu ya dari, akaweka honi ya kamio, na juu kabisa akachomelea chanja ya kubebea bidoni za mafuta ya mawese. Rangi ilikuwa nyekundu na ndimi za moto mbavuni, na nyuma aliandika kwa mukono wake: WATASEMA MUCHANA, USIKU WATALALA.

Nani alale! Ile gari ikiwashwa, kuku walitoka kwenye mayai. Imamu wetu alituma mutu kwa Fabrice kumuomba kwa upole asiiwashe wakati wa swala, juu safu za nyuma zilikuwa zinasujudu kabla yake kwa kushituka.

Sasa, Iliasi zamani alikuwa shofere wa kamio. Kamio ilipokufa akafungua kibanda cha sabuni na chumvi, na toka hapo kila chombo kikipita anasimamisha kazi anasikiliza. Mutu anaomba chumvi, yeye anamuambia, "Subiri, ile fureni ya nyuma inalia akisimama." Ni mutu mupole, sana. Lakini siku hiyo alirudi nyumbani macho yanang'aa kama ya bwana harusi, akaketi, akanywa maji, akasema:

"Rachida, nimepata ya kumuleta mama."

Muone werevu wa mwanaume! Hakusema ameona gari. Hakusema anataka gari. Alisema amepata ya kumuleta mama.

"Iliasi," nikasema, "akiba yetu ni ya nini?"

"Ya mashine ya kukoboa mupunga."

"Mimi ninatwanga mupunga na hii mikono, na hili tumbo, juu ya nini?"

"Juu ya mashine ya kukoboa mupunga."

"Basi sitaki kusikia."

"Ina viti," akasema polepole. "Na pa kuegemea mugongo."

Nikavaa kitenge changu tukaenda.

Fabrice alitupokea kama wageni wa harusi. "Shemeji, karibu! Yaya Iliasi, kaka yangu, muonyeshe shemeji!" Nikamuambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye hii gari ameitembeza muji muzima, kwa nini? Akacheka tu. Nikaanza kuizunguka. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka kona mpaka kona.

"Na huu ufa?"

"Huo si ubovu, shemeji. Ni modeli."

"Na hii sakafu? Ninaona ardhi!"

"Hewa, shemeji. Moteri yake ni kali, miguu inahitaji hewa. Ni modeli."

Nikafika mulango wa shofere. Hauna mushikio. Umechomelewa juu mpaka chini, kovu la chuma limezunguka pote. Fabrice alisema ulikuwa unafunguka wenyewe kwenye mashimo, na tena, gari zote za mbio ziko hivyo, shofere anapitia dirishani.

"Ni modeli," nikamumalizia.

"Umeanza kuelewa, shemeji!"

Nilitazama dirisha, nikamutazama Iliasi. Mume wangu ninamupikia vizuri, namushukuru Mungu, na inaonekana. Yeye hakujaribu dirisha. Alifungua mulango wa upande wa pili, akapanda juu ya kiti cha abiria, akatambaa matako juu kichwa chini kama mutu anayetafuta sindano, mpaka akaangukia nyuma ya volani, ule usukani. Akaiwasha. Soko nzima ikageuka. Nilimuona uso wake pale ndani, na sikuwa nimemuona na uso ule toka kamio yake ife. Hasira yangu ikapungua kidogo. Kidogo tu.

Nikasema mbele ya watu wote waliokuwa pale, juu mimi maneno yangu sifichi: "Fabrice, tupe hii gari twende Wamaza. Ikimuleta mama yangu mpaka mulangoni kwangu, tunainunua. Isipomuleta, inarudi kwako, na katika nyumba yangu sitaki kusikia tena jina la gari. Umesikia, Iliasi?"

"Nimesikia," akasema Iliasi, na bado alikuwa anapapasa volani.

Fabrice alikubali, ila alitaka rahani. Iliasi akamuachia moto yake. Majirani wakanipigia kelele: tumbo lile linakwenda wapi? Hawaelewi. Ni lazima niende. Kwetu Wamaza, katika ukoo wa mama yangu, mama mukwe na mukwe wake hawatazamani usoni. Hawali chungu kimoja. Wakikutana njiani mama anajiweka pembeni anajifunika kitenge mpaka mwanaume apite. Wakitaka kusemezana wanapitishia maneno kwangu, ata kama wote wawili wamekaa pale. Na neno kubwa kuliko yote: mukwe hapewi mugongo, sembuse matako. Hiyo ni tusi, watu wamevunja ndoa juu yake. Mama asingeweza kukaa ndani ya gari peke yake na Iliasi, mimi nilipaswa kuwa kati yao. Nilipanga vizuri: mama nyuma, mimi mbele, kitenge kikubwa kimetundikwa katikati, na kile kioo kidogo cha shofere cha kutazama nyuma tumekigeuza kitazame dari. Nilifikiri kila kitu. Nilifikiri kila kitu ila mulango, mimi binti wa Wamaza muzima, niliyeuona kwa macho yangu na kuucheka.

Njia ya kwenda Kabambare, ile ya Wamaza, munaijua. Asiyeijua asiulize. Iliasi aliiendesha ile gari kama anabeba mayai, anaiongelesha, "Polepole, mama, polepole, hapo kuna jiwe," na mimi nikifikiri ananiambia mimi, kumbe anaiambia gari. Kwenye vijiji watu walikimbia wakija, halafu wakakimbia wakienda wakisikia bomba. Matope yalipanda kupitia ile hewa ya Fabrice yakanipaka mpaka magoti. Kila shimo tumbo lilipanda kooni. Nilimutukana Fabrice, nikamutukana mununuzi wa dhahabu, nikawatukana Wamarekani ambao sijawahi kukosana nao. Lakini hatukukwama. Lazima niseme ukweli. Pale moto zilikuwa zimelala ubavu na wenye moto wamekaa pembeni wanangoja jua, sisi tulipita tukinguruma.

Tulikuta mama yuko tayari. Furushi lake limefungwa, kuku amefungwa miguu, kitenge kipya kiunoni. Alinikumbatia akanishika tumbo kwa mikono miwili, akasema limeshuka sana, nani aliniruhusu kusafiri nalo? Halafu, amejifunika, ameangalia upande wa shamba, akasema, "Rachida, umuambie mukwe wangu asante kwa kuja."

"Iliasi, mama anasema asante."

"Umuambie mama ni furaha yangu," akasema Iliasi, akiitazama miti.

Mama akaanza kuizunguka gari. Alichechemea na fimbo yake mpaka upande wa shofere, akapitisha kidole juu ya lile kovu la chuma. Akazunguka mpaka upande wa pili. Akarudi tena kwa shofere. Mimi nilikuwa bado nimesimama ninacheka na majirani, na njo hapo kicheko kikanikatikia. Niliuona ule mulango kwa macho ya mama yangu.

"Mukwe wangu anaingilia wapi?" akauliza.

Sikuweza kusema ni modeli. Nikanyoosha kidole kwenye mulango wa abiria.

"Na mimi ninaingilia wapi?"

Nikanyoosha kidole palepale.

Mama akarudi nyuma akaketi kwenye kigoda chake. "Akitangulia yeye," akasema, "mimi nitakunja mugongo mbele yake nipande kule nyuma. Nikitangulia mimi, yeye atatambaa mbele ya macho yangu matako yake juu. Mimi na umri wangu! Fungua kuku, Rachida. Sipandi."

Yéé mama! Nilimuambia kitenge kitatundikwa. Akasema kitenge kinafunika macho, hakifuniki kitu ambacho mutu anajua kiko pale. Nilimuambia Iliasi atafumba macho. Akauliza, na mimi nitajuaje kama amefumba, nimutazame? Majirani walikuwa wamejaa uwanja muzima, kila mutu na shauri lake. Shofere mwingine? Wamaza yote hakuna mutu anayejua volani, ni moto tu. Mwishowe Iliasi, masikini, akaniita pembeni akasema kwa sauti ndogo, "Muambie mama apande nyuma, mimi nitakaa mbali. Halafu mimi nitapitia dirishani."

"Iliasi. Dirisha?"

"Nitavuta tumbo."

Mama akakubali. Iliasi alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, mama akapanda, nyonga yake ikilia, mimi nikamusukuma, nikatundika kitenge. Halafu Iliasi akaja. Alivua shati akabaki na singileti, akainua mikono, akaingiza kichwa dirishani, mabega yakaingia, na hapo kwenye tumbo akasimama. Hakwenda mbele. Hakurudi nyuma. Miguu ilibaki nje inapiga hewa, uso umelala juu ya kiti cha shofere. Watoto wakaanza kuhesabu wakati anapiga miguu.

Kutoka nyuma ya kitenge nikasikia sauti ya mama: "Ameingia?"

"Nusu," nikasema.

"Nusu gani?"

"Ya juu, mama."

Uwanja muzima ukapasuka kwa kicheko. Wanaume walimushika miguu wakamuvuta, na kwa kujishikilia kiwiko chake kikagonga honi ya kamio. Mbuzi wakakata kamba. Mama, kwa kushituka, akavuta kitenge, kitenge kikaanguka, na wakatazamana uso kwa uso, mama mukwe na mukwe, yeye mudomo wazi na mume wangu amelala kama samaki juu ya kiti. Iliasi akafumba macho, amechelewa.

Alipovutwa nje alikwenda kukaa mbali sana, mugongo wake kwetu, shati begani. Mama akateremka, akaingia nyumbani, akafunga mulango. Kutoka ndani akasema haendi popote, na mukwe wake amuwie radhi, na gari irudi ilikotoka.

Hapo nikawaka. Nilisimama katikati ya ule uwanja nikatukana kila kitu. Nilimutukana Iliasi na wali wake. Niliutukana ule mulango na mutu aliyeuchomelea. Nikamugeukia mama, nikapiga mulango wake kwa ngumi: "Heshima! Heshima! Utakaa na heshima yako hapa, na mimi nitazaa peke yangu Kasongo, na nikifa kama Soraya utakuja kwenye kilio changu na miguu!"

Nilijua nimesema neno baya. Nilitaka kulirudisha, na kabla sijafungua mudomo nilisikia maji ya moto yanashuka miguuni mwangu mpaka kwenye vumbi.

"Mama," nikasema. Sauti ilikuwa ya mutoto.

Mulango ukafunguka. Mama alitazama ardhi, akanitazama mimi, akatazama kule juu, njia inakopanda kwenda materinite. Ni njia ileile ya Soraya, na mawingu meusi yalikuwa yameshaketi juu ya mulima. Akaitupa fimbo yake.

"Mukwe!" akaita. Si "Rachida umuambie". Mukwe! Iliasi akageuka kama amepigwa jiwe. "Unakaa hapo kungoja nini? Ingia!"

Iliasi akakimbia, akafika mulangoni, akasita. Akamutazama mama, akakumbuka, akatazama chini, akaanza kujikunja kiubavu ili asimupe mugongo, akakwama kati ya kiti na mulango. Mama yangu, Mama Waridi, ambaye miaka yote hajala mbele ya yule mwanaume ata ndizi, alimuweka mikono yote miwili kwenye matako akamusukuma kama gunia.

"Ingiza hayo matako yako, mutoto anakuja!"

Iliasi akaruka mpaka kwenye volani. Mama akafuata, amekunja kitenge mpaka magotini, akapanda juu ya kiti na mugongo wake wote mbele ya mukwe, hakugeuka, hakuomba radhi. Majirani walitazama pembeni kwa adabu. Mimi wakaniweka mbele, na mama kutoka nyuma akapitisha mikono akanishika kifuani. "Endesha," akasema.

Iliasi akaendesha. Sikuwa nimewahi kumuona mume wangu akiendesha hivyo. Mvua ilishuka tukiwa hatujamaliza nyumba za kijiji, njia ikawa muto, na ile gari ikainua pua ikapanda. Matope yaliruka juu ya dari, moteri ikapiga kelele kwenye ule mulima, Iliasi amekaribia kusimama, anasema "Twende mama, twende mama," na safari hii sikujua anamuambia nani kati yetu watatu. Pale kwenye kona, penye ile daraja ndogo ya miti, Soraya alipokata roho, mikono ya mama ilinibana mpaka nikakosa pumzi. Tulipoipita akaachia, nikasikia machozi yake yanaanguka shingoni mwangu.

Tulipokaribia juu kukatokea mulipuko. Bomba la moshi liliteremka kutoka kwenye dari likaviringika mulimani.

"Ni nini?" mama akapiga kelele.

"Ni modeli!" nikalia, na uchungu ukanishika katikati ya kicheko.

Aimée, mukunga wa materinite, alituambia baadaye kwamba alifikiri ni vita, akafunga madirisha. Alifungua aliposikia ninamutukana. Nilitukana sana mpaka jua likakaribia kuzama, mama amenishika kichwa, Aimée ananiambia nguvu za mudomo nizishushe chini kwenye kazi. Halafu mutoto akalia. Mwanamuke, muzima, mapafu ya baba yake na gari yake. Mama akamupokea kwa mikono miwili, akaketi naye sakafuni, akamutazama, akanitazama mimi, akamutazama tena.

Kesho yake mvua ilikwisha na heshima ikarudi. Mama alijifunika mpaka puani, akaniambia nimuambie mukwe wake kwamba yaliyopita njiani yamebaki njiani, na alete kitenge na jogoo ili kufunika yale macho yaliyoona. Iliasi alileta vitenge viwili. Alikuwa hawezi kutazama ata kivuli cha mama. Tuliteremshwa nyumbani ndani ya ileile gari bila bomba, mama nyuma amejifunika gubigubi, na safari hii kila mutu alipopita ule mulango wengine walifumba macho bila kuambiwa.

Tukakaa Wamaza, mimi ninaoshwa na kukandwa na maji ya moto, gari uwanjani, kuku wamepanda kwenye chanja yake wanataga. Fabrice akachoka kungoja. Siku moja tulimuona anaingia na moto ya Iliasi, matope mpaka kwenye kope. Aliizunguka gari yake, akaona bomba limefungwa kwa kamba, akaona mayai. Akaja mbele yetu.

"Shemeji, hongera ya mutoto. Sasa munanunua, hamununui?"

Iliasi alikuwa amemubeba mutoto, na alimutazama mutoto tu. Alikumbuka, na mimi nilikumbuka, na Fabrice alikumbuka nilivyosema mbele ya watu: ikimuleta mama mpaka mulangoni kwangu. Haikumuleta. Mama alikuwa bado Wamaza, ameketi ndani nyuma ya pazia. Neno langu ni neno, na mashine ya kukoboa mupunga niliiota mwaka muzima, mikono hii ina sugu nyinyi mungeshika mungelia. Nilifungua mudomo ili niseme hapana.

"Rachida," mama akaita kutoka nyuma ya pazia.

"Ndiyo, mama."

"Umuambie mukwe wangu." Nikasikia anasogeza kigoda chake. "Umuambie, Soraya hakupata ata gari ya mulango mumoja."

Iliasi akainamisha uso juu ya mutoto, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nilikuwa nimekwisha kulia kabla yake. Fabrice, na kelele zake zote, akavua kofia akaishika mikononi.

Nilijipangusa na ncha ya kitenge. "Fabrice," nikasema, "tunanunua. Lakini hatuipokei mpaka uufungue ule mulango wa shofere."

"Shemeji, sasa ule ni mo..."

"Fabrice!"

"Nitaufungua," akasema, akaenda kuuliza majirani nani ana musumeno wa chuma.